Leseni ya kijana Texas: njia nne na saa ambazo kila moja inadai

Mzazi aliyelelewa Nairobi, Mwanza au Bukavu, anapofika Texas na kumkuta mtoto wa jirani mwenye miaka 15 ameshika usukani huku mama yake ameketi pembeni, hushtuka kwanza, kisha huanza kuuliza. Kenya na Tanzania leseni ya gari dogo hutolewa kuanzia miaka 18, na anayefundisha ni shule ya udereva. Texas humruhusu mzazi mwenyewe kuwa mwalimu wa mtoto wake: nadharia husomwa kwa intaneti, na mazoezi ya barabarani hufanyika katika gari la nyumbani. Ruhusa hiyo ni nzuri, lakini wengi wetu huipokea kwa kuangalia bei peke yake, ilhali kinachoielemea familia hasa ni muda: saa za mtoto mbele ya kompyuta, saa za mzazi katika kiti cha abiria, na miezi ambayo lazima ipite hata kama kila kitu kingine kimekamilika.

Nimepita njia mbili kati ya nne nitakazozilinganisha hapa: shule ya udereva, mzazi kufundisha baada ya nadharia yote kumalizika, mzazi kufundisha huku nadharia ikiendelea, na kungoja miaka 18. Binti yangu wa kwanza tulimwandikisha katika shule ya udereva, na mdogo wake wa kiume nilimfundisha mimi kwa kozi ya intaneti. Njia nyingine nimezifahamu kwa kuwasaidia jamaa kujaza fomu na kupanga ratiba. Ninayemwandikia ni mzazi anayefanya kazi ya zamu, mwenye gari moja au mawili, ambaye akigundua katikati ya mafunzo kwamba alichagua njia isiyolingana na ratiba yake hana nafasi ya kuanza upya.

Saa ambazo hakuna anayezikwepa

Kijana wa Texas aliye chini ya miaka 18 hapati leseni bila kukamilisha sehemu mbili za mafunzo. Ya kwanza ni nadharia, ambayo kwa miaka mingi imehesabiwa kuwa saa 32. Kwa kuwa TDLR, idara ya jimbo inayosimamia mafunzo haya, huufanyia mtaala marekebisho, saa za kufuata ni zile zilizochapishwa katika mwongozo wa mwaka unaoanza, nami nitatumia 32 katika mifano yangu. Ya pili ni saa 44 za ndani ya gari, na hizi zimeandikwa katika sheria yenyewe: saa 7 za kuendesha chini ya mwalimu, saa 7 za kuketi na kumtazama mwingine akiendesha, na saa 30 za mazoezi pamoja na mtu mzima mwenye leseni, ambazo angalau 10 kati yake ziwe za usiku.

Hapo ndipo wazazi wengi hukosea hesabu, nami nilikosea. Nilipolipa ada ya shule kwa ajili ya binti yangu niliamini kwamba nimelipia mafunzo yote. Kozi ilipokaribia kwisha nikaitazama vizuri karatasi ya kumbukumbu tuliyopewa, na mistari ya zile saa 30 ilikuwa mitupu. Kila mstari ulitaka tarehe, muda, zoezi lililofanywa na sahihi ya mtu mzima aliyekuwemo garini. Shule ilikuwa imetoa nadharia na zile saa 14 za kuendesha na kutazama. Saa 30 zilikuwa juu yangu tangu siku ya kwanza, ila sikuwa nimeziona, na tulizikimbiza kwa wiki nyingi wakati mtoto alikuwa tayari ameanza kuulizia siku ya mtihani.

Kwa sababu hiyo, anayelinganisha shule na kufundisha mwenyewe asiweke saa 44 upande mmoja na sifuri upande mwingine. Saa 30 ziko pande zote mbili. Kinachotofautiana ni saa 14 za ndani ya gari na usimamizi wa nadharia, basi.

Nani anaruhusiwa kutia sahihi

Kabla ya kupima muda, pima kama mlango uko wazi. Mwalimu wa zile saa 14 katika njia ya mzazi awe mzazi, mzazi wa kambo, mzazi wa malezi, babu, bibi au mlezi wa kisheria. Na kama hao hawawezi, mzazi anaweza kumteua mtu mwingine mwenye miaka 25 au zaidi, mwenye uzoefu wa kuendesha usiopungua miaka 7, na ambaye hatatoza malipo. Leseni ya mwalimu iwe imekuwa halali kwa miaka 3 iliyotangulia bila kufungiwa kwa makosa ya kuendesha gari, na asiwe amepatikana na hatia ya kuendesha akiwa amelewa katika miaka 7 iliyopita. Sharti la miaka 3 huwagusa sana ndugu waliofika karibuni, kwa mfano familia za Kikongo zilizopokelewa kama wakimbizi Abilene, Houston na Fort Worth, ambamo baba na mama huenda wote bado ni madereva wapya. Familia ya namna hiyo isinunue kozi kabla ya kujua ni nani atakayekuwa mwalimu. Ikiwa yupo ami, shangazi au rafiki wa kanisani au msikitini anayetimiza masharti na ana nafasi, njia ya mzazi inabaki wazi. Kama hayupo, shule ya udereva ndiyo jibu, na hakuna haja ya kusumbuka zaidi.

Saa 30 za mazoezi zina sharti jepesi kuliko hilo. Anayeketi kiti cha mbele awe na miaka 21 au zaidi, awe na leseni halali, na awe ameendesha kwa angalau mwaka 1. Tofauti hii ina thamani kubwa katika nyumba yenye watoto waliopishana umri. Binti yangu yule yule, ambaye ni mkubwa kwa miaka 6, alikuwa amefikisha 21 mdogo wake alipoanza kujifunza, na kati ya saa 30 yeye alitia sahihi saa 11. Mimi nilikuwa kazini zamu ya jioni. Wao walikuwa wakienda kununua mchele na kurudi.

Shule ya udereva na mzazi, ana kwa ana

Shule hukupa ratiba iliyopangwa na mtu mwingine, na kwa mzazi aliyechoka huo ni msaada wa kweli. Darasa lina saa yake, mwalimu ana gari lenye breki ya pili chini ya mguu wake, na zile saa 7 za kutazama kwa kawaida hupatikana kwa kukaa kiti cha nyuma wakati mwanafunzi mwingine anaendesha, jambo ambalo lina faida yake, kwani kijana hujifunza sana kwa kuona kosa la mwenziwe na kusikia mwalimu akilisahihisha.

Lakini hesabu pia safari. Binti yangu alisoma nadharia kwa vipindi vya saa 2, na kwa saa 32 hivyo ni vipindi 16. Shule ilikuwa mwendo wa dakika 20 kutoka nyumbani. Nilimpeleka, nikarudi kuwapikia wengine, nikaenda kumchukua, tukarudi: dakika 80 kwa kila kipindi, na kwa vipindi 16 hiyo ni zaidi ya saa 21 za kuwa barabarani. Nililipa ili niokolewe saa 14 za kufundisha, kisha nikatumia saa 21 za kupeleka na kuchukua, tena katika safari ambazo nyingi hazikuwa na faida kwa mafunzo, maana wiki za mwanzo hakuwa na leseni ya kujifunzia na hakuweza kushika usukani. Ukiwa na shule iliyo jirani, au yenye kumfuata mtoto nyumbani, hesabu hiyo hubadilika kabisa, nami nakushauri uifanye kwa umbali wako mwenyewe kabla ya kulipa.

Njia ya mzazi huanza kwa kuomba mwongozo wa mafunzo ya mzazi kutoka TDLR, ambao ada yake ni dola 20, na kuchagua kozi ya intaneti iliyoidhinishwa na idara hiyo. Mwongozo utangulie kila kitu. Saa ulizomfundisha mtoto kabla ya kuuomba hazihesabiwi, hata kama zilikuwa saa nzuri na mtoto ameshajua kurudi nyuma na kupaki sambamba na ukingo wa barabara. Baada ya hapo nadharia husomwa nyumbani, kwa muda ambao kozi yenyewe huuhesabu. Kurasa zina saa yake ndani, na mtoto mwepesi wa kusoma hawezi kuzivuka kwa haraka akamaliza saa 32 katika wikendi moja. Idara pia imeweka kikomo cha saa zinazoweza kuhesabiwa kwa siku, na kikomo hicho kimo katika mwongozo, kwa hiyo usitegemee kwamba safari ndefu ya Jumamosi kutoka Dallas hadi Houston itaandikwa yote.

Faida kubwa ya njia hii kwa upande wa muda ni kwamba saa za kufundisha na saa za maisha ya kawaida zinaweza kuwa saa zile zile. Safari ya kanisani ambayo ungeiendesha wewe, anaiendesha yeye. Kwa zile saa 7 za kutazama, mzazi anaendesha huku akieleza kwa sauti anachokiona na anachokiamua, na nakiri kwamba saa hizo zilinifundisha mimi kama zilivyomfundisha mwanangu, kwa sababu huwezi kumweleza mtoto kwa nini hukusimama kabisa kwenye alama ya kusimama.

Gharama yake iko mahali pengine, nayo si ndogo. Mzazi anayefundisha hana breki ya pili. Siku ya kwanza tulipoingia barabara kuu ya I-30, mwanangu alifika mwisho wa njia ya kuingilia akaanza kupunguza mwendo, kwa sababu aliona malori yanakuja kwa kasi na silika yake ikamwambia asubiri, kama anavyosubiri kwenye njia panda ya mtaani. Nilisema, “Kanyaga mafuta, ingia mbele ya lile jeupe,” na akaingia, lakini nilikuwa nimesema kwa kuchelewa sekunde mbili, na sekunde hizo zilikuwa kosa langu. Tuliporudi nyumbani nilisoma tena sura ya kozi kuhusu kuingia barabara kuu, kisha tukafanya zoezi hilo hilo asubuhi ya Jumapili kabla magari hayajajaa, mara nne mfululizo, tukiingia na kutoka. Mzazi anayechagua njia hii ajue kwamba juu ya saa zilizoandikwa kwenye karatasi kuna saa za kujiandaa ambazo haziandikwi popote. Mimi nazikadiria kuwa dakika 20 kwa kila saa ya barabarani katika wiki za mwanzo, zikipungua kadiri mtoto anavyozoea.

Na kuna jambo la tabia. Mzazi anayepandisha sauti haraka, au mtoto ambaye kila neno la mzazi kwake ni ugomvi, watamaliza saa zote 44 bila kujifunza nusu ya kilichokusudiwa. Hapo nasema bila kusita kwamba fedha za shule ni fedha zilizotumika vizuri.

Nadharia yote kwanza, au nadharia na gari kwa pamoja

Ukishaamua kufundisha mwenyewe, bado kuna uamuzi wa pili, ambao kwa upande wa kalenda una uzito kuliko ule wa kwanza. Texas inakubali mipangilio miwili. Katika ule wa kwanza mtoto humaliza nadharia yote, ndipo anaomba leseni ya kujifunzia. Katika ule wa pili humaliza saa 6 za mwanzo tu, hupata leseni ya kujifunzia, kisha nadharia iliyobaki na mazoezi ya gari huendelea sambamba.

Kinachofanya uamuzi huu uwe mzito ni sharti la miezi 6. Kijana aliye chini ya miaka 18 lazima awe ameshika leseni ya kujifunzia kwa miezi 6 kamili kabla ya kupewa leseni ya masharti, ambayo haitolewi kabla hajafikisha miaka 16. Miezi hiyo haianzi siku ya kununua kozi wala siku ya kuanza kusoma. Inaanza siku leseni ya kujifunzia inapotolewa. Kila wiki inayopita kabla ya siku hiyo ni wiki iliyoongezwa mwishoni.

Chukua mtoto wa miaka 15 na miezi 8 ambaye anataka leseni yake mapema iwezekanavyo, na anasoma nadharia saa 2 kwa siku, siku 3 kwa wiki. Kwa mpangilio wa pili, saa 6 za mwanzo zinakwisha katika wiki moja, na anaweza kufanya mtihani wa maarifa na kwenda ofisi ya DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, kuomba leseni ya kujifunzia. Kwa mpangilio wa kwanza, saa 32 zinamchukua wiki 5 na siku kadhaa. Tofauti ni kama mwezi mmoja, na mwezi huo haurudi. Tena, mtoto aliyeanza kwa saa 6 anabakiwa na saa 26 za nadharia mbele ya miezi 6, ambayo ni wiki 26: saa 1 kwa wiki ingetosha, ingawa simshauri mtu aburute kiasi hicho. Saa 44 za gari, zikigawanywa kwa wiki hizo hizo 26, ni kama saa 1 na dakika 42 kwa wiki. Ukiiweka hivyo, mzigo ulioonekana mkubwa unakuwa safari mbili za sokoni na moja ya ibada.

Sasa mchukue mtoto wa miaka 14. Sheria inamruhusu kuanza nadharia katika umri huo, lakini leseni ya kujifunzia haitolewi kabla ya miaka 15. Kwake mpangilio wa kwanza haupotezi siku hata moja. Anasoma polepole likizo ya kiangazi, na siku anapofikisha 15 yuko tayari kwenda DPS. Hasara yake ni kusahau. Kanuni ya nani apite kwanza kwenye njia panda yenye alama nne za kusimama, ikisomwa Juni na kutumiwa Februari, husomwa mara mbili. Kwa hiyo mtoto wa 14 nampangia nadharia yote kwanza, huku nikimrudisha kwenye sura muhimu wiki moja kabla ya kushika usukani. Na aliyekwisha kufika 15 nampangia mafunzo ya sambamba, bila ubishi.

Karatasi nazo zina muda wake, na zimewachelewesha watu wengi kuliko mtihani wenyewe. Cheti cha shule anakosoma mtoto, kinachothibitisha kwamba ameandikishwa na anahudhuria, kisiwe kimepitisha siku 30 wakati wa masomo siku mnapokwenda DPS. Ukikichukua mapema mno utarudishwa. Miadi ya ofisini hupangwa mapema, na katika miji mikubwa siku iliyo wazi inaweza kuwa wiki kadhaa mbele, hivyo ipange siku ile ile mtoto anapoanza nadharia. Mwishoni, kabla ya mtihani wa barabarani, kijana hutazama kozi ya video ya saa 2 iitwayo Impact Texas Teen Drivers, ambayo ni ya bure, na cheti chake hudumu siku 90 tu. Jamaa yangu mmoja alimtazamisha mwanawe video hiyo mwanzoni mwa mafunzo kwa bidii njema, akalazimika kuirudia.

Kungoja miaka 18

Njia ya nne ni kungoja, na kwenye karatasi ndiyo fupi kuliko zote. Tangu Machi 2010, mwenye miaka 18 hadi 24 anayeomba leseni ya kwanza Texas hutakiwa kumaliza kozi ya watu wazima ya saa 6; akiongeza video ya saa 1 anaenda kwenye mtihani wa barabarani. Hatakiwi kushika leseni ya kujifunzia kwa miezi 6, wala kujaza saa 30. Kuanzia miaka 25 hata kozi ya saa 6 si lazima. Saa 7 kwa upande mmoja, saa 76 na zaidi kwa upande mwingine: naelewa kwa nini mzazi mwenye kazi mbili anaona jibu limeshapatikana.

Zipo familia ambazo kungoja ni uamuzi sahihi. Nyumba isiyo na gari la akiba, au ambayo bima ya kijana ingevunja bajeti, isijilaumu. Kijana aliyefika nchini akiwa na miaka 17 na miezi 7 hana cha kukimbilia, kwa sababu miezi 6 ya leseni ya kujifunzia ingeisha akiwa amekwisha kutimiza 18. Lakini anayengoja kwa sababu tu saa ni chache, namsihi afikiri tena. Takwimu za CDC, idara ya afya ya umma ya serikali ya Marekani, zinaonyesha kwamba madereva wa miaka 16 hadi 19, kwa kila maili wanayoendesha, hupata ajali za vifo karibu mara 3 zaidi ya wenye miaka 20 na kuendelea. Umri ni sehemu ya sababu, na ugeni wa barabara ni sehemu nyingine. Anayengoja hupunguza ile ya kwanza, na ile ya pili anabaki nayo nzima. Anayeanza na 16 huanza chini ya masharti: hadi afikishe 18 haruhusiwi kuendesha kati ya saa 6 usiku na saa 11 alfajiri isipokuwa kwa kazi, shughuli ya shule au dharura, na habebi zaidi ya abiria mmoja aliye chini ya miaka 21 asiye wa familia. Anayeanza na 18 anaingia barabarani siku ya kwanza bila lolote kati ya hayo. Kama mtoto wako atangoja, chapisha karatasi ya saa 30 hata kama hakuna atakayeidai, muijaze naye.

Ikiwa familia inahama

Waswahili wa Marekani tunahamahama kwa kazi, na saa za Texas si saa za kila mahali. California mtoto hupata leseni ya kujifunzia kuanzia miaka 15 na nusu, na nadharia anaweza kuisoma kwa intaneti, lakini saa 6 za kuendesha ni lazima ziwe na mwalimu mwenye leseni ya kufundisha. Mzazi hawezi kuzichukua. Kazi ya mzazi huko ni saa 50 za mazoezi, 10 zikiwa za usiku, katika miezi isiyopungua 6. Minnesota, ambako Wakenya ni wengi, nako saa 6 ni za mwalimu, na nadharia ni saa 30. Mazoezi ni saa 50, 15 zikiwa za usiku, ila mzazi akihudhuria darasa la wazazi la dakika 90, saa 50 zinashuka kuwa 40. Dakika 90 kwa saa 10 ni biashara ambayo sijui mzazi gani angeikataa. Kwa hiyo, ukitarajia kuhama kabla ya mtoto kumaliza, usiingie njia ya mzazi ya Texas kwa dhana kwamba saa zako 14 zitapokelewa uendako kama saa za mwalimu.

Zile saa 10 za usiku

Nimeziacha hizi mwisho kwa sababu ndizo zinazoamua kama mpango wowote kati ya hii utakamilika kwa wakati. Saa za mchana hujipata zenyewe. Saa za usiku lazima zitafutwe, na msimu ndio unaozifanya kuwa rahisi au ngumu. Maeneo ya Dallas na Fort Worth, mwezi wa Juni jua huzama baada ya saa 2:30 usiku, na giza la kweli huja karibu saa 3, wakati mwenye zamu ya alfajiri yuko kitandani na mtoto naye anasinzia. Desemba jua huzama kabla ya saa 11:30 jioni, na kufikia saa 12 taa zote za barabarani zimewaka. Mtoto aliyepata leseni ya kujifunzia Oktoba humaliza saa za usiku kabla ya sikukuu ya Krismasi bila mtu yeyote kupoteza usingizi. Aliyeipata Mei hushinda kiangazi kizima akidaiwa. Binti yangu alikuwa wa Mei. Saa zake 10 zilituchukua hadi Oktoba, na siku nyingi nilikuwa nikipiga miayo katika kiti ambacho kinamtaka mtu awe macho kuliko dereva.

Mzazi wa zamu ya usiku ana shida ya aina yake, na ndiye anayehitaji zaidi yule kaka, dada au shangazi mwenye miaka 21. Mkabidhi mtu huyo saa za usiku zote kama unamwamini, ubaki na saa 14 zako mchana. Sheria inaruhusu, na karatasi haijali kama sahihi ni za watu wawili au watatu.

Jambo moja dogo la kwetu tu linalohusu karatasi hiyo. Sisi tukisema saa 2 usiku tunaijua, lakini ofisa anayesoma kumbukumbu atakapoiona “2” kwenye safu ya muda ataelewa ni saa 8 za usiku wa manane, saa ambazo kijana hafai kuwa barabarani. Andika saa kwa Kiingereza tangu mstari wa kwanza, na uandike mkiwa bado mmeketi garini, si Jumapili kwa kukumbuka wiki nzima. Jioni ya mwisho ya saa za usiku za mwanangu ilikuwa Desemba: tulitoka saa 12, tukapita I-20 hadi Grand Prairie, tukarudi kwa barabara za ndani ambako taa ni chache na watembea kwa miguu huvaa nguo nyeusi, na saa 1:30 tulikuwa nyumbani. Alizima injini, akawasha taa ya dari, akaandika 6:00 p.m. hadi 7:30 p.m., akanipa kalamu.